Vigelegele Kabla ya Mtihani

Nilikuwa darasa la nne mama aliponiita jikoni, akarudishia mlango wa uani, akanambia neno ambalo kwetu mama hamwambii binti yake. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua macho.

"Ukiona jambo mwilini mwako, usiende kokote. Njoo kwangu kwanza."

Nilimwelewa. Na kwa kuwa nilimwelewa niliona haya, nikasema ndiyo mama, nikachukua ndoo kwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Kwetu Wazaramo, binti akivunja ungo, yaani akiona damu yake ya kwanza, habari hapewi mama. Anapewa bibi au shangazi, na huyo ndiye anayemwita kungwi, mwanamke wa kumfunda. Mama husikia pamoja na majirani, kwa vigelegele. Tulifundishwa hivyo tangu wadogo: kumwambia mama yako jambo lile ni kumvunjia heshima. Na vigelegele vikishapigwa, wewe ni mwali. Unawekwa ndani. Mwanamume hakuoni, jua halikuoni, mpaka siku ya kutolewa, na siku hiyo huja pale chakula cha ngoma kinapopatikana, au mchumba. Wengine walikaa ndani miezi sita, wengine miaka miwili.

Mama aliyajua hayo yote. Alichotaka ni miezi mitatu tu, maana mtihani wa darasa la nne ulikuwa mwisho wa mwaka.

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, na ya baba zao, na ya mabinti wote tuliokaa benchi moja, kutoka aliyekaa mlangoni hadi aliyekaa ukutani. Lakini wengi wamo kaburini na siwezi kuwaomba ruhusa. Basi nitasema mama, bibi, mwalimu, mwenzangu. Inatosha.

Temeke ya utoto wangu ilikuwa mihogo na minazi, nyumba za udongo zimekaa mbalimbali. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha juzi, nguo zilikuwa bado za shida. Baba alikuwa kibarua wa bandarini. Alfajiri anakwenda kusimama getini pamoja na mamia ya wenzake. Meli ikiwapo anaitwa, isipokuwapo anarudi na sie tunashindia mihogo. Pale getini palikuwa na karani wa Kiafrika anayeandika majina ya waliochaguliwa. Baba alikuwa akisema, "Mie na yule tunatoka mtaa mmoja, tunasali siku tofauti tu. Yeye kashika kalamu, mie nimebeba gunia. Ukimnyang'anya ile kalamu, tuko sawa." Alisema hivyo akicheka, huku mama akimkanda mabega kwa mafuta ya nazi.

Karani huyo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na binti yake ndiye mwenzangu ninayemsema. Tulikuwa tukitoka pamoja kwa miguu kabla jua halijachomoza, tunapita Chang'ombe, tunaingia mjini. Njiani tulikuwa tunapitaga shule ya watoto wa Kihindi, ya ghorofa, madirisha ya vioo. Ya watoto wa Kizungu ilikuwa mbali zaidi, hiyo hatukuiona, tulisikia tu. Ya kwetu ilikuwa banda refu lenye paa la bati, kibao kimoja cha kuandikia watoto wawili. Serikali ilikuwa na mizani yake: Mzungu fungu lake, Mhindi fungu lake, na sie kilichobaki. Na katika hicho kilichobaki, wavulana walijaza banda zima, mabinti tulitosha benchi moja.

Kwenye benchi hilo mie nilikuwa wa kwanza kwa hesabu na kwa kusoma. Sijisifu, uzee haunipi faida ya kujisifu. Mwalimu wetu alikwisha sema kwamba anayefaulu vizuri atapelekwa shule ya bweni ya wasichana, huko anatoka muuguzi au mwalimu. Mama alipolisikia neno la muuguzi aliacha kula. Alikuwa amezika watoto watatu.

Mwenzangu alivunja ungo mwaka mmoja kabla yangu. Alinambia njiani kama mtu anayesimulia mvua ya jana.

"Na mama yako kasemaje?" nikamuuliza.

"Kanipa kitambaa, kanionyesha kukifua, kanambia niwahi shule."

"Basi?"

"Basi nini tena, shoga? Ulitaka anichinjie ng'ombe?"

Tulicheka. Lakini nilimwonea huruma pia, nikadhani kwao hawana mtu wa kuwafurahia.

Siku yangu ilinikuta nyumbani, asubuhi ya Jumapili. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka niliposimama. Bibi, mzaa baba, alikuwa kibarazani anasuka ukili. Nilisimama uani nikiwatazama wote wawili. Maneno ya mama niliyakumbuka, sikuyasahau, hilo nataka lieleweke. Lakini miguu haikuweza kwenda jikoni. Ningemtazamaje mama yangu machoni nikamtajia kitu kile? Nilikuwa mtoto niliyelelewa vizuri. Nikaenda kibarazani, nikapiga magoti, nikamnong'oneza bibi.

Bibi aliweka ukili chini. "Kweli, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, kisha akasimama na kupiga kigelegele kilichosikika nyumba zote. Wakaitikia wa ng'ambo, wakaitikia wa kisimani. Mama alitoka jikoni na mkono umejaa machicha ya nazi. Alinitazama. Hakupiga kigelegele mpaka jirani mmoja alipomsukuma bega akamwambia, "Furahi basi, mama mwali." Ndipo akapiga.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba.

Niliwekwa chumba cha bibi, naye mwenyewe akawa kungwi wangu. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Nilipewa mwana hiti, kile kisanamu cha mti cha mwali, nimpake mafuta na kumtunza kama mtoto wangu. Nisipaze sauti, nisicheke na meno nje. Siku ya tano nikasikia hodi, nikaijua sauti ya mwalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

"Nimekuja kumwangalia mwanafunzi wangu. Naambiwa anaumwa."

"Nani kakwambia? Haumwi."

"Tunashukuru. Yuko wapi?"

"Yumo ndani."

"Naomba atoke nimwone."

"Mwalimu, jua lenyewe halimwoni, sembuse wewe na soksi zako ndefu."

Wanawake waliokuwa uani walicheka sana. Mwalimu naye alikuwa mtu wa bara, hakujua mila za pwani, na kweli alivaa soksi mpaka magotini. Alisubiri wanyamaze.

"Bibi, huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza darasani. Akikosa mtihani, nafasi anachukua mwingine. Hairudi tena."

"Na mie nina shule, mwalimu," bibi alisema, safari hii bila mzaha. "Shule yangu haina kengele, lakini mtoto akitoka anajua kuishi na watu. Wewe umekaa naye miaka minne, sikukuuliza unamfundisha nini. Sasa ni zamu yangu."

"Huwezi kumfundisha akishamaliza mtihani?"

"Ngoma ya siku ya kwanza huchezwa siku ya kwanza."

Nikasikia sauti ya mama, ndogo, kama anazungumza na mtu aliyelala. "Mama, tungemfunika kaniki gubigubi, akaenda siku moja ile, akarudi."

"Kaniki?" bibi akamjibu mkwewe. "Temeke hii? Kuku wako ukimpaka masizi, majirani hawamjui? Na mwali akikanyaga nje kabla ya ngoma yake, kesho akikosa mtoto, utamjibu nini huyo mumewe?"

Mama akarudi jikoni. Mke wa mwana haweki neno juu ya neno la mkwe. Baba aliporudi jioni aliulizwa, akasema mambo ya wanawake hayajui. Alisema hivyo kisha akakaa muda mrefu mlangoni pa chumba changu, upande wa nje. Nilikiona kivuli chake chini ya mlango.

Asubuhi ya mtihani mwenzangu alipita nyuma ya nyumba, akagonga ukuta.

"Shoga, nakwenda."

Mwali hapazi sauti. Nikagonga ukuta mara moja. Akasubiri, labda alitaka nigonge tena, kisha nikasikia miguu yake inaondoka.

Nilikaa ndani mwaka na miezi minne, maana meli zilikuwa haba na chakula cha ngoma hakikupatikana. Bibi alinifunda kweli. Mengine ya mafunzo yake yamenisaidia maisha yote, kumuuguza mgonjwa, kuzika, kukaa na mume mwenye hasira, na sitasema uongo kumkomoa maiti. Nilitoka mweupe, ninang'ara, nimebebwa mabegani, watu wa Temeke nzima wanacheza. Mama alicheza pia. Miezi miwili baadaye nikaolewa na kibarua wa bandarini kama baba.

Mwenzangu nilimwona tena nilipokwenda hospitali kujifungua mtoto wa pili. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, viatu vyeupe, saa imening'inia kifuani. Alinikumbatia mbele ya wagonjwa wote, akanipa kitanda cha dirishani. Halafu akachukua kadi kuandika.

"Umri? Mtaa?" Akaandika. "Kazi ya mama?"

"Naamka alfajiri nakaanga vitumbua, nawauzia watu wa bandarini. Mchana nalima mihogo ya wenyewe Mabibo, nusu yangu nusu yao."

Alishika kalamu akanitazama. "Nitaandika hana, shoga. Hapa hamna nafasi ya vitumbua."

"Andika hana," nikamwambia. Tukacheka, kama tulivyokuwa tukicheka njiani. Yeye alikuwa na mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na baadaye alipewa nyumba ya serikali yenye bomba la maji uani. Mie nilikuwa nateka maji kisima kilekile, na siku mume wangu alipoumia mguu kwa gunia la mkonge hakuna aliyemlipa, kwa kuwa jina lake halikuandikwa mahali popote zaidi ya kwenye orodha ya siku ileile. Sikumwonea wivu mwenzangu. Ila usiku ule hospitali nilisoma kadi yangu yote, kila neno, mpaka lile hana, na nilikuwa nalisoma bila kukosea.

Nilikuwa na mdogo wangu wa mwisho, tumepishana miaka tisa. Huyu naye alisoma shule ileile, na Mungu si mbaguzi, alikuwa na akili kunipita. Alikuwa darasa la nne aliponifuata kisimani, akasimama anachora chini kwa dole gumba la mguu. Nilijua kabla hajasema.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Bibi je?"

"Bado. Ndiyo nakwenda."

Nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu mpaka akasema naumia dada. "Huendi," nikamwambia. "Wewe hujaona kitu. Umesikia? Mpaka mtihani upite, hujaona kitu."

Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa anatwanga. Nilieleza yote, nikamwambia bibi hajui. Aliendelea kutwanga, hakukosa pigo hata moja, halafu akasema, "Kelele za kinu hizi, sijakusikia." Akatwanga tena. Alikuwa amenisikia.

Tulificha miezi minne yote. Vitambaa nilikuwa navifua mie nyumbani kwangu, navianika ndani. Bibi alikuwa mzee sasa lakini macho yake yalikuwa yaleyale, huyu alikuwa anajua mimba kabla ya mwenyewe. Siku moja akaniita kibarazani.

"Mke mwenzangu, huyu mdogo wako kifua kimejaa, uso umebadilika. Hajaona kitu?"

"Hajaona, bibi."

"Hakika?"

"Hakika."

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Mdogo wangu alifanya mtihani. Alifaulu. Barua ya shule ya bweni ilipokuja, mama alinipa niisome mara tatu. Kisha ikabidi tumwambie bibi, maana binti hawezi kupelekwa mbali bila kutolewa, hilo hata mama asingelithubutu. Nilipiga magoti mbele yake nikasema yote.

Bibi hakupiga kelele. Alikunja mkeka wake. "Miezi minne," akasema. "Mlikuwa mnakula na mimi sinia moja." Akaingia ndani.

Alikataa kuwa kungwi wake. Na bibi akikataa, nani mwingine angekuja? Wanawake waliocheza ngoma yangu mpaka vumbi likafunika minazi, siku ya mdogo wangu walikuja watano. Mwenzangu muuguzi alikuja na nguo zake nyeupe, hakujua kucheza, akawa anapiga makofi nyuma ya mdundo. Hapakuwa na mtu wa kumbeba mwali. Nikambeba mie mwenyewe mabegani, nikazunguka naye ua mtupu mara tatu, yeye analia juu, mie nalia chini. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa. Tangu siku hiyo hakuniita mke mwenzangu tena. Aliniita kwa jina.

Mdogo wangu alikwenda, akasoma, akawa mwalimu. Alileta mshahara nyumbani, baba akaacha kwenda kusimama getini. Watu wa mtaa waliliona hilo. Wakaanza kunifuata mmoja mmoja, wanawake walewale ambao hawakuja ngomani, wananinong'oneza sokoni, "Wa kwangu yuko darasa la tatu. Nimfiche kama ulivyofanya wewe?"

Sikutaka mtu mwingine azunguke ua mtupu. Tukakaa wanawake saba, pamoja na kungwi mmoja wa makamo, tukakubaliana kwenda shuleni kumwona mwalimu mkuu. Tulimkuta ofisini, akatushangaa.

"Mnataka kujua likizo ndefu inaanza lini? Kwa ajili ya ngoma?"

"Ndiyo mwalimu," kungwi akamjibu. "Nyie hamkuja kutuuliza, basi sie tumekuja."

Kalenda ilikuwa imetundikwa nyuma yake. Akatusomea. Tukapatana hivi: binti akivunja ungo bibi anaambiwa siku ileile, anachezewa ngoma ndogo ya siku ya kwanza humo ndani, kesho anakwenda shule. Kuwekwa ndani kunangoja likizo ndefu, mwezi mmoja, na kutolewa ni kabla shule haijafunguliwa. Kungwi alilalamika kwamba mwezi hautoshi kumfunda mtu. Akauliza kama likizo haiwezi kuongezwa. Mwalimu mkuu akasema hilo ni la serikali. "Basi nitafunda haraka," akasema. Mwaka ule mabinti watatu walitolewa siku moja, na wote watatu wakarudi darasani.

Bibi alikuwa kitandani wakati huo, hainuki. Mie ndiye niliyekuwa namuuguza, maana yeye ndiye aliyenifunda kuuguza. Nilimweleza tulivyopatana, nikitegemea atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho macho yamefumbwa.

"Siku ya kwanza wanaambiwa?"

"Wanaambiwa, bibi."

"Na ngoma yake inachezwa?"

"Inachezwa."

Nikadhani kalala. Kisha akasema, "Mngeniambia siku ya kwanza, huyu mdogo wako ningemchezea ngoma yake, halafu mkampeleka mnakotaka. Mie nilikataa kufichwa. Shule sikuikataa."

Nje watoto walikuwa wanarudi kutoka shule, wanasikika wakipita. Nikamuuliza, "Na mie je, bibi? Mwalimu angekuja na maneno haya siku ile, badala ya kusema nitoke, ungenifanyia hivyo?"

Alifumbua macho akanitazama muda mrefu. Halafu akaomba maji. Nilimwinua kichwa nikamnywesha, akanywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, nikamlaza. Hakulijibu swali langu, na siku ya nne tukamzika.